Balozi Mdogo na Kazi Yake

Katika vijiji vingi vya Kisii na Nyamira kuna wazazi ambao watoto wao wako ng'ambo, wengine Marekani, wengine katika nchi za Ghuba. Mtoto akipatwa na shida huko, wazazi huambiwa, "Na aende kwa balozi." Yafaa basi kila mtu afahamu ni balozi yupi, naye aweza kufanya nini.

Mabalozi ni wa namna mbili. Balozi mkuu hutumwa na serikali yake kusema na serikali nyingine. Balozi mdogo, aitwaye pia konseli, hutumwa kuwaangalia raia wa kwao na biashara yao.

Huyu wa pili ndiye aliyetangulia kufika Unguja. Mwaka 1833 Sultani Said alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na mwaka 1837 mfanya biashara Richard Waters akawa konseli wa Wamarekani. Konseli wa Waingereza, Atkins Hamerton, alifika mwaka 1841. Wenyeji waliwaita mabalozi. Ndiyo maana jina hilo huwachanganya watu hata leo.

Baadaye kazi hiyo ilipita mpaka wake. Mwaka 1873 John Kirk alimshurutisha Sultani Barghash, kwa tishio la manowari, akubali kulifunga soko la watumwa. Mwaka 1895 Arthur Hardinge, Konseli Mkuu wa Unguja, alipewa pia kuitawala nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Nchi ya Abagusii, iliyohesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, iliunganishwa na utawala huo mwaka 1902. Hivyo mlinzi wa wafanya biashara aligeuka kuwa mtawala.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 umeirudisha kazi hiyo mahali pake. Mgeni akikamatwa, wakuu wa nchi ile hawana budi kumwambia bila kukawia kwamba ana haki balozi wake aarifiwe. Balozi mdogo aweza kumzuru gerezani, kumsaidia kupata wakili, na kumpatia pasi nyingine ikiwa yake imepotea. Lakini hawezi kumfungulia gereza, wala kuitangua hukumu ya nchi ya watu.

Kwa hiyo asafiriye na aandike nambari ya pasi yake na anwani ya ofisi ya balozi, aiache karatasi hiyo kwa wazazi wake. Siku ya shida, wao watajua mlango wa kubisha.