Mchezo Juu ya Maji

Katikati ya bara la Ulaya kuna ziwa moja ambalo nchi tatu hukutana kando yake, yaani Ujerumani, Uswisi na Austria. Kwa Kijerumani huitwa Bodensee. Mto Rhine hushuka kutoka milima ya Alpi, huingia ziwani karibu na mji wa Bregenz, kisha hutoka tena upande wa magharibi. Huko Bregenz kuna jukwaa lisilosimama penye nchi kavu, bali juu ya miti iliyokitwa chini ya maji. Watazamaji wapatao 7,000 huketi ufuoni, wakiyakabili maji. Mchezo mmoja huchezwa miaka miwili, katika miezi ya Julai na Agosti, maana ndiyo miezi ya joto huko. Kisha mapambo yake makubwa hubomolewa, yakajengwa mengine.

Mwaka 2003 palikuwa na jamaa moja katika mji wa Lindau, upande wa Ujerumani: baba, mama, watoto wawili, na bibi yao mzaa baba. Bibi alikuwa amezaliwa Bregenz. Baba alinunua tikiti tano tangu wakati wa baridi, nazo zilikuwa za bei nafuu. Tikiti kama hizo zina shida moja. Mvua kubwa ikinyesha, mchezo huhamishwa ndani ya jumba lililo karibu, na jumba hilo haliwatoshi watu wote. Wenye tikiti za bei nafuu hawaingii. Hurudishiwa fedha yao, wakaenda zao.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa cha joto kali kupita desturi. Hata siku yenyewe ilipofika, alasiri wingu jeusi likasimama juu ya mlima Pfänder, ulio nyuma ya mji wa Bregenz. Baba akalitazama, akasema, "Mama, labda tusiende. Utalowa bure."

Bibi akamjibu, "Mwanangu, nimengoja miaka hamsini na saba. Mvua ya saa moja itanitisha nini?" Akavaa koti lake, akatangulia kwenda bandarini.

Meli za ziwa lile zimepakwa rangi nyeupe. Waliyopanda wao ilipita kati ya mnara wa taa na simba mkubwa wa mawe, walinzi wa mlango wa bandari ya Lindau, ikashika njia ya kusini-mashariki. Safari si ndefu. Hata hivyo mtoto mdogo, msichana wa miaka minane, alipata nafasi ya kuuliza, "Bibi, miaka hamsini na saba ni tangu lini?"

Bibi akamweleza hivi. Tarehe 1 Mei 1945, siku saba tu kabla ya vita kwisha katika Ulaya, Bregenz ulipigwa, nyumba nyingi zikateketea, na ya wazazi wake mojawapo. Mwaka uliofuata watu wa mji wakataka kufanya sikukuu ya muziki. Hawakuwa na nyumba ya michezo. Wakachukua matishali mawili ya kubebea kokoto, wakayafunga bandarini: moja likawa jukwaa, la pili wakaketi wapiga muziki. Wakacheza mchezo mfupi wa nyimbo ambao Mozart aliutunga akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili.

"Nawe ulitazama?"

"Nilisikia. Sikuwa na fedha ya kuingia, nikasimama nyuma ya watu, nami nilikuwa mfupi. Baadaye nilikuwa na kazi na watoto, na fedha haikubaki."

Walipofika, matone yalikuwa yakidondoka. Mwavuli haufai mahali pale, kwa kuwa humziba macho aliyeketi nyuma. Basi watu wote walijifunika makoti, wakangoja kimya kama kuku kwenye mvua. Saa tatu za usiku zikapita kidogo. Ndipo wingu likajivuta kuelekea milimani, na taa zikawashwa jukwaani.

Mchezo ulikuwa West Side Story, muziki wa Leonard Bernstein na maneno ya nyimbo ya Stephen Sondheim, uliochezwa New York mara ya kwanza mwaka 1957. Habari yake inafuata ile ya Romeo na Juliet ya Shakespeare. Vikundi viwili vya vijana wa New York wanachukiana, kimoja cha wenyeji na kimoja cha waliotoka kisiwa cha Puerto Rico. Tony wa upande mmoja ampenda Maria wa upande wa pili. Vijana wanauana. Tony naye apigwa risasi, na Maria aishika ile bunduki, awaelekezea wote, asiweze kupiga. Mwisho vijana wa pande zote mbili wanamwinua maiti pamoja.

"Mbona hawakumbeba pamoja alipokuwa hai?" msichana akanong'ona. Mama yake akamfinya mkono anyamaze.

Usiku wa manane meli ikarudi Lindau. Watoto wakalala juu ya magoti ya wazazi wao. Bibi hakutaka kuketi chini. Alisimama nyuma ya meli, koti lake bado bichi, akizitazama taa za Bregenz hata zikafichika.