Dondoo muhimu: Wikiendi ya kutunga taarabu

Siku mbili hazitoi albamu; zikikupa beti tatu zilizosimama, shukuru. Nenda na jambo moja tu linalokuchoma moyoni.

Kabla ya ala yoyote kuguswa, hesabu mizani. Anza na umbo la wimbo: mishororo mitatu kwa ubeti, kila mmoja mizani 12, yaani 6 kwa 6. Soma kwa sauti huku ukigonga meza. “Mtu” ni mizani 2, “nchi” vilevile, ila “ndege” haifiki 3. Wengi huteleza hapa, kisha humlaumu mpiga udi.

Kina cha mwisho chagua chenye maneno tele, kama -ni au -ka. Ukishikilia -go utaishia kwenye mihogo na mizigo, labda kama unaimba ya sokoni.

Fumbo lijaribu kwa mwenzako. Akimjua msemwa papo hapo, funika zaidi. Akibaki ameduwaa, umefunika mno. (Msemwa mwenyewe akiwepo kambini, badilisha mada.)

Muziki si lazima uutunge wewe. Katika taarabu, mara nyingi mshairi ni mmoja na mtia muziki ni mwingine, kwa hiyo mpe mwenye kinanda maneno yako jioni, naye akikuomba upunguze neno, punguza. Kiitikio kiwe chepesi kupokewa na watu wasiokuwa na karatasi.

Jumapili, kabla ya kufunga begi, rekodi kwa simu, hata kama sauti imekauka.