Bastola ya Zamani na ya Sasa: Risasi Tano au Sita?

Bastola ya Colt iliyotolewa Marekani mwaka 1873 ina silinda yenye matundu sita, lakini wenye kuijua walitia risasi tano tu. Sababu ni hii: nyundo yake ina ncha kama ya msumari, na nyundo ikilala, ncha hiyo hukaa juu ya fataki ya risasi. Bastola ikianguka na nyundo ikapigwa, risasi yaweza kutoka pasipo mtu kugusa kifyatulio, ikamwumiza mwenye kuibeba. Kweli, kipo kidato cha kuizuia nyundo, lakini ni chembamba, nacho huweza kuvunjika kwa pigo kali. Ndiyo maana tundu lililo mbele ya nyundo liliachwa tupu.

Kiwanda cha Ruger kilianza kutengeneza bastola za namna hiyo mwaka 1953, nazo zilikuwa na hatari ile ile. Mwaka 1973 kilibadili mtambo. Tangu hapo nyundo ikilala haiigusi pini. Kati yao hupanda kipande cha chuma, tena kifyatulio kinapovutwa hadi mwisho tu. Kidole kikiachia, chuma hushuka. Basi zote sita huchukuliwa salama.

Katika kupiga shabaha tofauti ni ndogo, na wapo wauonao mtambo wa zamani kuwa mwororo zaidi. Mwenye Ruger ya kabla ya 1973 aweza kuipeleka kiwandani igeuzwe bila malipo. Asipofanya hivyo, na atie tano.