Saratani Inapotoa Mkono wa Salamu

Ukimzuru mgonjwa wa saratani hapa kisiwani Ndau ukamkuta na nywele zake zote, usidhani hatibiwi. Huenda anatiwa dawa ya mshipani kila baada ya wiki tatu au sita, dawa ambayo haiui saratani yenyewe. Kazi yake ni kuwafungulia walinzi wa mwili.

Walinzi hao ni chembe nyeupe za damu. Wakikuta kigeni hukishambulia. Ila wasije wakaudhuru mwili wao, wamewekewa ukaguzi: chembe ya mwili ikiwapa mkono, hupoa. Saratani nayo hutoa mkono huohuo. Mlinzi anaupokea, anakwenda zake. Pembrolizumabu na nivolumabu ni kingamwili za kiwandani zinazokifunika kiganja cha mlinzi, salamu isimfikie. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa uvumbuzi uliofungua njia hii.

Si kila saratani huitikia, na mara nyingi kinyama cha uvimbe hupimwa kwanza. Bei ni kubwa mno; ulizeni mapema SHA, bima ya afya ya taifa, italipa kiasi gani.

Sasa la nyumbani, nalo ndilo zito. Mlinzi asiyepokea salamu ya adui hapokei ya jamaa pia. Anaweza kuugeukia utumbo, mapafu, ini, ngozi au tezi ya shingo, hata miezi kadhaa baada ya dawa kusimamishwa. Kwa mgonjwa huyu, kuharisha kusisingiziwe maji ya jabia, wala kikohozi na pumzi fupi kusisingiziwe baridi ya kusi. Msimnunulie vidonge dukani. Mpigieni daktari wake simu siku hiyohiyo, mumpeleke zahanati, na neno la kwanza liwe: "Huyu ametiwa kingamwili za saratani." Mara nyingi dawa husimamishwa kwanza, akapewa steroidi za kuwatuliza walinzi; akicheleweshwa, maisha yake yamo hatarini.

Andikeni jina la dawa, tarehe ya mwisho aliyotiwa na simu ya kliniki. Karatasi hiyo ikae ndani ya kopo linalobana kifuniko, maana boti ya kwenda Lamu hurusha maji.