Kuwahamishia Samaki Katika Tangi Kubwa Zaidi

Shule iliyoko Geita au Shinyanga iko mbali na bahari, lakini Ziwa Viktoria li jirani. Furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, wanaweza kufugwa darasani katika tangi la kioo. Wakikua au wakizaana, tangi huwa dogo, na hapana budi kuwahamisha. Hapo ndipo hasara hutokea: samaki walioishi salama kwa miezi mingi juu ya mchanga mchafu hufa baada ya siku chache katika tangi kubwa lililosuguliwa likang'aa. Katika somo hili tutaeleza sababu yake na jinsi ya kuizuia.

Sumu itokayo kwa samaki mwenyewe

Samaki hutoa amonia, hasa kwa njia ya matamvua. Chakula kilichobaki na kinyesi vikioza, amonia huzidi. Katika tangi lililokwisha kuzoea, bakteria wa kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, na wa kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu, kwa kuwa huzuia damu kuchukua oksijeni. Nitrati haidhuru mpaka iwe nyingi sana, nayo hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji.

Wengi wa bakteria hawa hawaelei majini. Wameshikamana na mchanga, mawe na kichujio. Basi anayehamisha samaki na maji tu amewaacha bakteria nyuma, na kundi jipya laweza kuchukua majuma kadhaa kukua.

Faida ya ukubwa na mpaka wake

Tangi la sentimita 60 × 30 × 30 huchukua lita 54. La sentimita 120 × 50 × 40 huchukua lita 240. Kiasi kile kile cha amonia kikiingia katika tangi la pili, ukolezi wake ni chini ya robo ya ule wa kwanza. Lakini ukubwa huchelewesha sumu tu; hauiondoi. Kumbuka pia kwamba lita 240 za maji zina uzito wa kilo 240, hivyo meza iwe imara.

Hatua za kufuata

1. Chagua vyombo salama. Usitumie kamwe ndoo au pipa lililowahi kutiwa zebaki au sianidi katika mialo ya kuchenjulia dhahabu, wala maji ya mialo hiyo.

2. Tayarisha maji. Maji ya bomba yafikayo Shinyanga na Kahama hutoka katika Ziwa Viktoria, lakini yametiwa klorini, ambayo huua bakteria na kuchoma matamvua ya samaki. Yaache katika vyombo vya wazi kwa saa 24 au zaidi, ukiyakoroga mara kwa mara.

3. Hamisha mchanga, mawe na kichujio cha zamani vikiwa vimelowa. Vikihitaji kusuuzwa, tumia maji ya tangi la zamani, si ya bomba.

4. Mweleze samaki katika mfuko wenye maji yake juu ya maji mapya kwa dakika 20, ili joto lilingane. Kisha ongeza maji mapya mfukoni kidogo kidogo kwa nusu saa, ndipo umtoe kwa wavu.

5. Katika juma la kwanza lisha kidogo. Samaki akitweta karibu na uso wa maji, badilisha mara moja sehemu ya maji.

Katika tangi la maji ya bahari

Kanuni ni hiyo hiyo kwa samaki wa bahari na matumbawe, ila hadhari huzidi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na pH yake ni karibu 8.2. Kadiri pH inavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali yenye sumu. Mawe yenye bakteria hutangulia. Matumbawe hai, ambayo hayavumilii mabadiliko, hufuata tangi likisha kutulia.

Kwa nini jambo hili ni zito?

Sangara aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Alipoongezeka ghafula katika miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilitoweka katika Ghuba ya Mwanza, mashariki ya Geita. Watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakiwachunguza furu huko tangu 1977, walipeleka baadhi yao wakiwa hai Ulaya. Zipo aina ambazo zimesalia kwa kuzalishwa katika matangi tu. Kwa samaki wa namna hiyo, kosa moja la kuhamisha laweza kuwa mwisho wa aina nzima. Nawe usimwage samaki waliozidi katika bwawa au mto wowote: sangara naye alihamishwa na mtu.

Maswali

1. Kwa nini kichujio kisioshwe kwa maji ya bomba?
2. Maji ya tangi la bahari yakipungua kwa kugeuka mvuke, utaongeza maji ya chumvi au maji baridi? Eleza sababu.