Umeme Ndani ya Kebo ya Mtandao: Kagua Shaba Kabla ya Kulipa

Kamera ya ulinzi chini ya paa, simu ya mezani ya ofisini, kifaa cha Wi-Fi kwenye dari: vyote vinaweza kupata data na umeme kwa kebo ile ile moja ya mtandao. Hakuna haja ya soketi karibu na kamera. Umeme ukikatika, UPS moja (betri ya akiba) iliyounganishwa na swichi ya mtandao, yaani kifaa kinachozigawia kebo hizo data na umeme, huendelea kuziwasha kamera zote.

Umeme huu ni wa DC, takriban volti 48. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2003 kiliruhusu wati 15.4 kwa kila poti ya swichi. Cha 2009, wati 30. Cha 2018, hadi wati 90. Kabla ya kuachia umeme, swichi hupima kwa volti chache kama upande wa pili kuna kifaa kinachostahili, kwa kutafuta ukinzani wa takriban omu 25,000. Isipoukuta, haitoi umeme, na ndiyo maana kompyuta ya kawaida ikichomekwa hapo haiungui. Lakini vipo vifaa vya bei nafuu, aghalabu vya volti 24, vinavyosukuma umeme bila kupima lolote. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka.

Kinachowagharimu watu zaidi ni kebo yenyewe. Madukani zimejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na za shaba tupu. Alumini hupitisha umeme kwa shida zaidi, hivyo sehemu ya umeme huo hupotea njiani na kuwa joto. Mchana kamera inafanya kazi vizuri. Usiku, taa zake za infraredi zikiwaka na kuhitaji umeme zaidi, inazimika. Mwenye kamera ananunua nyingine mpya, kumbe ubovu uko ukutani. Mwombe muuzaji akate kipande kidogo, umenye, kisha ukwangue uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, usinunue, hata ukipunguziwa bei.

Kebo isizidi mita 100 kutoka swichi hadi kifaa. Usizikaze kebo nyingi katika fungu moja, kwani za katikati hushindwa kupoa. Inayopita nje iwekewe kinga ya radi iliyounganishwa na waya wa ardhini. Na kabla ya kuchomoa kifaa, zima poti yake kama swichi inaruhusu, kwa sababu cheche hula miguu ya plagi.