Ililala Kweli? Vitenzi vya Usingizi na Kompyuta Isiyoamka Baada ya Sasisho

Mwanafunzi anayekwenda Buleusa, wilayani Walikale, kunukuu masimulizi ya wazee hujiandaa akiwa bado Goma: huchaji betri, hupakua kamusi, na huacha mfumo endeshi wa kompyuta ujisasishe akihofia kukosa intaneti huko mbele. Nami nilifanya hivyo. Jioni ya pili kijijini nilifunga kifuniko nikalala. Asubuhi nilipokifungua, feni ilianza kuzunguka, lakini kioo kilibaki cheusi. Ndani mlikuwa na kurasa saba za unukuzi ambazo sikuwa nimezihifadhi, na mzee aliyesimulia alikuwa amekwisha kwenda shambani.

Nilipopata mtandao nilimpigia mwenzangu wa darasani nikamwambia, “Imekataa kuamka.” Akaniuliza, “Ndugu yangu, ililala kweli?”

Swali hilo ni la mafundi, lakini ni letu pia wanafunzi wa lugha, kwa sababu kitenzi “kulala” kinabeba hapa mambo matatu yasiyofanana. Tangu Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba walipotoa kanuni iitwayo ACPI, hali za nguvu za kompyuta zimepewa alama kuanzia S0 hadi S5. Katika S3 karibu kila kifaa hukatiwa umeme, isipokuwa kumbukumbu ya muda, ambayo huendelea kulishwa na betri. Huko ndiko kulala hasa: betri ikiisha usiku, kazi isiyohifadhiwa imepotea. Katika S4 yaliyomo kwenye kumbukumbu huandikwa diskini, kisha mashine huzima kabisa, na betri ikiisha hakuna kinachoharibika. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hazina S3. Zina hali ya tatu, ambayo ningependa tuiite kusinzia: mashine inabaki S0, imetulia tu, na vifaa vingine bado vinapata umeme. Anayechaji kwa paneli ya sola ataona tofauti mapema, maana mashine inayosinzia inaweza kumaliza betri ndani ya begi.

Kwa nini sasisho livuruge haya? Kabla ya kulala, mfumo humwomba kila kiendeshi, yaani programu inayosimamia kadi ya picha, Wi-Fi au diski, aandike hali ya kifaa chake, na wakati wa kuamka airudishe. Sasisho hubadilisha kerneli au viendeshi. Kimoja kikishindwa kurudisha kifaa chake, vingine vinaweza kuamka salama huku hicho kikiwa kimekwama. Kwa hiyo “haiamki” inaweza kumaanisha haikulala, ilikufa usingizini, au imeamka gizani. Dawa ni tofauti kwa kila moja, na anayekimbilia kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi anazitibu zote kwa kuua.

Anza na Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika unapobonyeza, kerneli ina uhai na lawama inaelekea upande wa picha. Kwenye Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Kiendeshi cha picha kitaanza upya bila kufunga programu zako. Kwenye Linux, Ctrl, Alt na F3 hukupeleka kwenye kioo cha maandishi matupu. Taa yangu iliwaka. Nikaenda kwenye kioo cha maandishi, nikarudi kwa Ctrl, Alt na F2, na sanduku la nywila likatokea. Kurasa saba zilikuwa palepale. Niliziandika kwenye diski kabla hata ya kunawa uso.

Hapo ndipo nilipotafuta chanzo. Amri journalctl -b -1 huonyesha daftari la matukio la uwasho uliotangulia, mradi mfumo unalihifadhi. Cat /sys/power/mem_sleep huonyesha kama mashine inatumia s2idle, yaani kusinzia, au deep, yaani kulala. Kwenye Windows amri ni powercfg /a. Jaribio lenye nguvu kuliko yote, hata hivyo, ni kuwasha mashine kwa kerneli ya zamani, ambayo Ubuntu huiacha kwenye orodha ya kuwashia. Nilifunga na kufungua kifuniko mara tano kwa kerneli ile, na kioo kikarudi mara tano. Kwa kerneli mpya kiligoma mara ya pili. Nikabaki na ya zamani hadi sasisho lililofuata. Mwenye Windows atafute katika orodha ya vifaa nafasi ya kurejesha kiendeshi kilichotangulia.

Tuzingatie pia mnyambuliko. Kuamka na kuamsha si kitu kimoja. Mashine iliyokutwa na joto ndani ya begi huenda haikuamka yenyewe: iliamshwa na kadi ya mtandao, kipanya au saa, na powercfg /lastwake humtaja mtenda huyo.

Mwaka 1956, katika nchi hii ya Wanyanga, Candi Rureke alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12, na Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakauandika kwa mkono. Tangu Buleusa nami nina daftari la karatasi kando ya kompyuta, na kila msimulizi anapovuta pumzi mimi hubonyeza Ctrl na S.